Kuziba Ufa wa Nyumba ya Mungu

Somo: 2 Wafalme 12:4–15



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi, nalo ni kutengeneza kanisa kuukuu. Hatusemi juu ya kujenga kanisa jipya. Kujenga kanisa jipya kuna harambee, kuna mgeni wa heshima, kuna nyimbo na vigelegele, na mwisho kuna jiwe la msingi lililoandikwa jina na tarehe. Lakini ni nani kati yetu amewahi kuona jiwe lililoandikwa kwamba siku fulani mfereji wa paa ulizibuliwa majani? Kazi hiyo haina jiwe wala mgeni wa heshima. Hata hivyo, wapendwa, makanisa mengi huanguka kwa sababu ya kazi hiyo isiyokuwa na jiwe.

Biblia yenyewe haikuidharau kazi hii. Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 12, twasoma habari za mfalme Yoashi wa Yuda. Aliona hekalu alilolijenga Sulemani limepata mabomoko, akawaagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuyatengeneza. Agizo lilikuwa wazi, na fedha zilikuwa zikiingia. Lakini angalieni maandiko yanavyosema: hata mwaka wa 23 wa kutawala kwake, makuhani walikuwa hawajayatengeneza mabomoko ya nyumba. Hatuambiwi kwamba walikuwa wezi, wala kwamba walimkataa Mungu. Walitoa dhabihu kila siku, wakafukiza uvumba, wakapita karibu na ufa ule asubuhi na jioni, mpaka macho yao yakauzoea.

Ndugu, hapo ndipo tunapotaka kuungama mbele yenu. Maana sisi tunaosema nanyi leo tumekuwa kama makuhani wale.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukihudumu katika usharika mmoja wa pwani. Kanisa lenyewe lilijengwa na mababu wa Wakristo wa pale, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyojengwa nyumba za zamani za pwani yetu. Kuta zilikuwa nene kiasi cha mtoto kuweza kulala dirishani. Wazee walitueleza jinsi bibi zao walivyobeba mchanga kwa vikapu. Lilikuwa kanisa dogo, lenye giza kidogo, lakini wakati wa joto la kaskazi lilikuwa na ubaridi uliotuburudisha sote.

Palikuwa na mama mmoja mjane aliyefagia kanisa kila Jumamosi. Siku moja alitujia akasema, "Pasta, kuna ufa juu ya dirisha lile la upande wa magharibi. Mwaka jana haukuwako." Tulikwenda kuutazama. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Tukamwambia, "Asante mama, tutaangalia." Baada ya masika alirudi tena akasema, "Pasta, ufa ule unakula ukuta." Tukamjibu vilevile.

Mkituuliza kwa nini hatukufanya neno, jawabu ni kwamba tulikuwa na mambo makubwa zaidi. Tulikuwa tunachangisha fedha za vipaza sauti. Na kwa kuwa mfuko wa matengenezo ulikuwa na akiba kidogo ambayo hakuna aliyeiulizia, halmashauri ilikubali tuiazime kwa muda. Sisi ndio tuliotia sahihi. Vipaza sauti vikanunuliwa, na sauti yetu ikasikika mpaka barabarani. Fedha za ufa hazikurudi.

Kisha ikaja habari kwamba Askofu atatutembelea ili kuwawekea mikono vijana. Hapo tukaamka. Ufa ulikuwa umekwisha kupanuka, kidole chaweza kuingia, na chokaa ya chini ya dirisha ilikuwa ikidondoka. Tukasema, Askofu hawezi kuona aibu hii. Kwa majuma matatu tukaleta simiti, tukaujaza ufa, tukaupiga ukuta mzima plasta ya simiti ndani na nje, kisha tukapaka rangi ya mafuta. Jumapili ile kanisa liling'aa. Watu walitusifu, nasi tulipokea sifa hizo.

Masika ya kwanza yalipita salama. Masika ya pili rangi ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Tukaikwangua, tukapaka tena. Kisha unga mweupe ukatokea chini ya ukuta, nao ulikuwa chumvi. Na Jumapili moja, katikati ya ibada ya kwanza na ya pili, kipande cha plasta kikubwa kama mlango kikabanduka na kuanguka juu ya benchi la watoto wa shule ya Jumapili. Benchi lilivunjika. Watoto hawakuwako, kwa kuwa asubuhi ile mwalimu wao alikuwa amewatoa nje chini ya mwembe kwa ajili ya joto. Tulisimama pale, tumevaa kanzu zetu, tukalitazama benchi lile, na mpaka leo hatujalisahau.

Juma lile usharika uligawanyika. Wengine walisema, "Jengo hili limezeeka, libomolewe. Yuko mtu aliye tayari kutusaidia kujenga kanisa la kisasa la matofali ya simiti." Wengine walisema, "Mawe haya yalibebwa na bibi zetu. Mkiyabomoa, mtubomoe na sisi." Yalisemwa maneno makali. Watu wawili waliokuwa wakikaa benchi moja kwa miaka mingi wakaacha kuamkiana.

Katika hali hiyo mzee mmoja wa kanisa alitushauri tumwite fundi wa zamani kutoka Mji wa Kale, Mombasa, mzee wa Kiislamu aliyejifunza kazi ya chokaa kwa baba yake. Alikuja na nyundo ndogo tu. Tulimwamkia, akaitika, kisha hakusema neno karibu saa nzima. Alikuwa akigonga ukuta polepole na kuutegea sikio, kama tabibu agongaye kifua cha mgonjwa. Alipomaliza akatuambia, "Mchungaji, ukuta huu hauna ugonjwa. Ninyi mmeuvalisha koti la mpira."

Tukamwomba atufafanulie. Akatueleza kwamba jiwe la matumbawe lina vitundu vidogo vingi. Hunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa tena jua liwakapo. Chokaa nayo iko hivyo. Huyapokea maji na kuyaachia, na ukuta ukitikisika kidogo, nayo hukubali kutikisika pamoja nao. Lakini simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, wala haipitishi maji kwa urahisi. Ukiufunika ukuta wa chokaa kwa simiti, maji yaliyomo ndani hayana njia ya kutoka. Hukaa humo humo, na chumvi yake hukomaa na kulila jiwe. Nje waona weupe, kumbe ndani ukuta unakuwa unga.

Kisha akatupeleka nje, akatuonyesha juu. Mfereji wa paa wa upande wa magharibi ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini na kiota cha ndege. Kila mvua iliponyesha, maji hayakupita katika mfereji. Yalimwagika juu ya ukuta, yakachimba udongo wa msingi mahali pale pale chini ya dirisha. Msingi ukashuka kidogo, ndipo ufa ukatokea. Mzee akachukua konzi moja ya majani yaliyooza, akaiweka mkononi mwetu. "Huu ndio ufa wenu," akasema.

Wapendwa, wahenga wetu wamesema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo twaijua tangu utoto, na sisi wenyewe tulikuwa tumeihubiri. Lakini methali hiyo haikutuambia mambo mawili ambayo mzee yule alitufundisha. La kwanza, kabla ya kuziba ufa, tafuta kilichouleta. La pili, ufa hauzibwi kwa kitu cho chote tu. Huzibwa kwa kitu kinachopatana na ukuta.

Kazi ya kutengeneza ilituchukua zaidi ya mwaka mmoja. Kwanza tuliuzibua mfereji, tukautengeneza, na kuyapeleka maji mbali na msingi. Kisha tukabandua simiti yote, taratibu, ili mawe yasivunjike. Fedha nyingi zilitumika kuondoa kazi tuliyoilipia sisi wenyewe, na hilo lilituuma. Halafu mzee akatuambia tungoje. "Tungoje nini?" tukauliza. "Ukuta ukauke," akasema. Tukangoja kaskazi nzima, tukisali chini ya mwembe. Wakati huo chokaa ililowekwa shimoni na kufunikwa maji, nayo ikawa laini kama siagi. Ndipo akaichanganya, sehemu moja ya chokaa na sehemu tatu za mchanga uliooshwa chumvi, akaujaza ufa kwa vipande vya matumbawe na chokaa, akapiga plasta nyembamba, moja baada ya nyingine. Kila moja ilifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa, maana chokaa ikikauka upesi hupasuka. Chokaa hukaza polepole, kwa kuvuta hewa. Akina mama waligawana zamu wakayamwagia maji magunia yale asubuhi na jioni, kila siku.

Na wale wawili walioacha kuamkiana? Mmoja alipewa zamu ya kuchunga mchanga, na mwenzake zamu ya kuubeba. Hatukuwapatanisha kwa hotuba. Lakini mtu hawezi kubeba mchanga uliochungwa na mwenzake siku nyingi bila kumwambia hata neno moja. Neno la kwanza lilikuwa "Ongeza." La pili hatukulisikia. Ila siku ya kurudi kanisani tuliwaona wamekaa benchi moja.

Sasa, ndugu wasikilizaji, huenda wengine mnajiuliza: je, kanisa si watu? Kwa nini tupoteze fedha kwa kuta kuukuu? Ni swali jema. Ni kweli, Mungu hakai katika nyumba zilizofanywa kwa mikono, na mtume Petro atuita sisi wenyewe mawe yaliyo hai. Kanisa linaweza kuishi chini ya mwembe, nasi tumeliona likiishi huko. Wala hatusemi kwamba kila jengo kuukuu ni lazima lisimame milele. Yako majengo yaliyokwisha liwa na mchwa kiasi kwamba ni hatari kwa watu, na uhai wa mtoto mmoja una thamani kuliko kuta zote. Lakini tuulizane hivi: tukishindwa kuliangalia jiwe tuliloachiwa, ambalo halisemi wala halikasiriki, je, tutaweza kuyaangalia mawe yaliyo hai?

Tena kuta ni ushuhuda. Katika Unguja, mahali paitwapo Mkunazini, palikuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale. Askofu Edward Steere, ambaye jina lake lajulikana kwa kazi yake kubwa katika lugha yetu ya Kiswahili, ndiye aliyeiongoza kazi hiyo. Zaidi ya miaka 130 baadaye kanisa hilo lilikuwa likivuja na lina nyufa, na katika miaka ya 2010 likafanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa shirika la World Monuments Fund. Tuseme lingeachwa lianguke. Injili isingeanguka pamoja nalo. Lakini mtoto wa kesho angepita pale asione kitu cha kumfanya amwulize baba yake, "Hapa palikuwa na nini?"

Hapa kwetu Kenya tuna mfano mwingine. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa matumbawe na chokaa. Imekuwa ngome ya vita, ikawa kambi ya askari, ikawa gereza mpaka mwaka 1958, na sasa ni jumba la makumbusho. Yasimama. Nendeni kisha Gede, karibu na Malindi, mji ulioachwa na watu wake katika karne ya 17. Huko pia kuna matumbawe na chokaa, kazi ya mafundi hodari, lakini majumba hayana paa na mizizi ya miti imeingia kutani. Mvua iliyonyesha Mombasa si tofauti na iliyonyesha Gede. Kilichotofautiana ni kwamba huku watu walikaa, na kule waliondoka. Na pale Malindi penyewe kuna kanisa dogo la Wareno la karne ya 16, lenye paa la makuti. Ninyi watu wa pwani mnajua, makuti hayadumu. Maana yake ni kwamba paa lile limekuwa na watu wa kulibadilisha, mara kwa mara, ambao majina yao hatuyajui. Mungu anayajua.

Basi tufanye nini? Tungependa kuwapa mambo machache ambayo kila usharika waweza kuyafanya, uwe pwani au bara, uwe na kanisa la mawe, la mbao au la udongo na mabati.

Kwanza, siku mvua kubwa inaponyesha, mtu mmoja achukue mwavuli akalizunguke kanisa. Siku ya jua jengo huficha siri zake, lakini siku ya mvua huzisema. Atazame maji yanapotoka na yanapokwenda. Maji ndiyo adui wa kwanza wa kila jengo.

Pili, mifereji ya paa isafishwe kabla ya mvua za masika na kabla ya mvua za vuli. Ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana wawili na ngazi moja, na mtu mzima wa kuishika ngazi.

Tatu, udongo, maua na takataka zisirundikwe ukutani. Kama kuna mbao, mtafute njia za udongo za mchwa, mzivunje, na mmwite ajuaye dawa yake.

Nne, mkiona ufa, wekeni alama ya penseli mwisho wake, mwandike na tarehe. Baada ya miezi mitatu mtajua kama umelala au unatembea. Ufa unaotembea haungoji mkutano mkuu wa mwaka. Mwiteni mtu mwenye ujuzi, na watu wasikae chini yake.

Tano, msitie simiti katika ukuta wa chokaa. Sisi tumekwisha kuwalipia ada ya somo hilo. Na kama kanisa lenu ni la kale na limetangazwa kuwa jengo la kumbukumbu chini ya sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa, msianze kazi bila kuwauliza Makumbusho ya Taifa.

Sita, wekeni daftari la jengo. Andikeni kila kilichotengenezwa, lini, kwa kitu gani na kwa fedha gani. Wenzetu wa Kanisa la Uingereza wana sheria tangu mwaka 1955 kwamba kila kanisa likaguliwe na mtaalamu kila baada ya miaka mitano. Sisi huenda hatuna uwezo wa kumleta mtaalamu kila mara, lakini daftari la shule na kalamu tunaweza kuvipata.

Na la mwisho ni fedha. Turudi kwa mfalme Yoashi. Makuhani waliposhindwa, kuhani Yehoyada alitwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, mahali watu walipoingilia. Fedha zilipokuwa nyingi, hakuzihesabu mtu mmoja. Walikuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu na kuzifunga mifukoni, kisha wakawapa mafundi: maseremala, waashi na wakata mawe. Tena imeandikwa kwamba fedha hizo hazikutumiwa kufanyia vikombe vya fedha wala tarumbeta. Tuliposoma maneno hayo baada ya benchi lile kuvunjika, tulivikumbuka vipaza sauti vyetu, nyuso zetu zikaona haya. Vikombe si dhambi, wala tarumbeta si dhambi. Lakini fedha iliyotolewa kwa ajili ya ufa ni ya ufa.

Usharika wetu ulitengeneza sanduku la mabati lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja alikaa nao mzee wa kanisa. Wa pili alipewa yule mama mjane. Na kila mwezi hesabu ikasomwa mbele ya watu wote, hata mwezi uliokuwa na shilingi chache tu. Mwaka ule watu walitoa kuliko walivyopata kutoa kabla, kwa sababu waliona fedha yao ikigeuka kuwa ukuta.

Wapendwa, tumesema juu ya mawe, lakini mnajua kwamba tumesema juu ya mioyo pia. Nabii Ezekieli, katika mlango wa 13, awakemea manabii wa uongo kwamba watu walijenga ukuta dhaifu, nao wakaupaka chokaa juu. Mvua ikaja, ukuta ukaanguka, na watu wakauliza, i wapi chokaa mliyoupaka? Angalieni, Ezekieli hakuilaumu chokaa. Aliwalaumu waliopaka weupe juu ya udhaifu bila kuutengeneza, wakasema ni amani, wala haikuwa amani.

Ni mara ngapi tumefanya hivyo nyumbani mwetu? Mume na mke wana neno kati yao, nao hulifunika kwa sababu wageni wanakuja. Ndugu wawili wamekosana kwa shamba la baba yao, na siku ya mazishi hushikana mikono mbele ya watu. Mchungaji ana dhambi yake, naye huipaka rangi kwa sala ndefu. Hiyo ndiyo plasta ya simiti. Yang'aa siku ya Askofu, lakini machozi yamefungiwa ndani, na chumvi yake yaendelea kula.

Njia ya Bwana wetu si hiyo. Yeye kwanza hutupeleka nje atuonyeshe mfereji ulioziba. Hubandua, nako kubandua huuma. Hutungojea tukauke. Kisha hutia neema yake polepole, kidogo kidogo, nayo hupatana nasi, kwa maana yeye mwenyewe alifanywa mtu kama sisi. Wala haoni haya kufanya kazi na jiwe kuukuu.

Siku ile tuliporudi ndani ya kanisa, kabla ya sala ya kwanza, tulimwita yule mama mjane mbele. Tulimwambia mbele ya usharika wote, "Mama, ulituambia mara mbili, nasi hatukusikia. Utusamehe." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nimesamehe, Pasta. Lakini mfereji wa upande wa mashariki nao umeanza kujaa." Watu wakacheka, na baada ya ibada kijana mmoja akaleta ngazi.

Basi, msikilizaji, Jumapili ijayo ibada ikiisha, usiende nyumbani upesi. Lizunguke kanisa lako mara moja. Ukiona ufa, umwambie mchungaji wako. Asiposikia, umwambie tena. Nawe mchungaji mwenzetu, ukiambiwa mara ya kwanza, usiseme utaangalia. Inuka uende.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyekubali kuitiwa jina lako katika nyumba zilizojengwa kwa mikono ya watu dhaifu, utusamehe kwa nyufa tulizoziona tukapita. Utupe macho ya kuyaona madogo kabla hayajawa makubwa, mikono minyofu kwa fedha za watu wako, na uvumilivu wa kungoja ukuta ukauke. Uwabariki wote wafagiao, wazibuao mifereji na kuezeka mapaa, ambao hawana jiwe la kumbukumbu. Nasi wenyewe, tulio mawe yako yaliyo hai, utubandue yote ya uongo, ututengeneze kwa neema yako, tupate kusimama hata siku yako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.